Presha ya mama imepanda tangu korona iingie, naombeni ushauri

Mlezi_wa_Mama: Habari za jioni wakuu. Mama ana miaka 67, ana presha na sukari tangu zamani, nipo naye Iringa. Kliniki ya Februari alikuwa 138/84. Tangu atangazwe mgonjwa wa kwanza pale Arusha, Machi 16, 2020, halali. Redio inakesha, na kila msiba lazima aulize marehemu alikuwa anaumwa nini. Leo asubuhi 176/102. Kliniki hataki, anasema ndiko ugonjwa uliko. Dawa anakunywa. Je, hofu tu inaweza kupandisha presha hivi? Nimpe nini atulie?

Mzee_wa_Kihesa: Pole mkuu. Mimi nilipopunguzwa kazi presha ilitaka kuniua. Nikaanza kufuga kuku wa kienyeji, nashinda bandani, mke anadhani nimechanganyikiwa. Mnunulieni mama kuku.

Mtumishi77: Taifa limetenga siku tatu za maombi, nyie mnajadili kuku. Mrudieni Mungu.

Nesi_Mstaafu: Hofu inapandisha, ndiyo. Mwili unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, na asiyelala hapati ule mshuko wa presha wa usiku. Ila hebu taja dawa zake zote.

Mlezi_wa_Mama: Metformin na amlodipine.

Nesi_Mstaafu: Mwenye sukari na presha mara nyingi hupewa na losartan au enalapril, zinasaidia figo pia. Hana?

Mlezi_wa_Mama: Losartan anayo. Nimeisimamisha tangu mwisho wa Machi. Kuna sauti ilizunguka kwenye kundi la ukoo, mtu anajiita daktari, anasema inafungulia virusi mlango. Msinishambulie. Angeugua huku nampa, ukoo ungesema nani kamuua? Presha angalau inapimika.

Kijukuu_cha_Tanga: Na nyungu mmepiga? 😂

Nesi_Mstaafu: Nyungu kwa mtu wa presha, taratibu; kizunguzungu kikimpata ataangukia sufuria. Kuhusu losartan: hayo yalikuwa makisio ya maabara. Vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vilishatoa tamko katikati ya Machi, wagonjwa wasiache dawa hizo kwa kuogopa korona. Hofu imeongeza, sikatai, lakini umemwondolea mama dawa katikati ya hofu halafu unatuuliza cha kumtuliza.

Chachandu: Wakuu mmeliwa. Subirini ukurasa wa pili, atatokea "shangazi" aliyepona kwa majani, na namba ya WhatsApp. Uzi wa bawasiri ulianza hivi hivi. Halafu mchana kwenye uzi wa vyumba vya kupanga umesema upo Mbagala. Iringa umefika kwa ungo?

Mtumishi77: Nilihisi tangu mwanzo.

Mlezi_wa_Mama: Siuzi chochote. Nipo Mbagala, kweli. Mdogo wangu wa kike ndiye anakaa na mama, anapima na kunitumia picha ya mashine. Niliandika nipo naye ili msianze "kwa nini umemwacha".

Kijukuu_cha_Tanga: Kwa nini umemwacha?

Nesi_Mstaafu: Muuza majani asingejichongea hivi. Sikia: mdogo wako aipigie kliniki kesho asubuhi, aseme losartan imeachwa tangu lini, wamwelekeze namna ya kuirudisha. Apime mama akiwa amekaa dakika tano, redio imezimwa. Ikifika 180/120, na kifua kinabana, pumzi inakata, mdomo umepinda au macho hayaoni vizuri, hospitali palepale, korona au hakuna korona.

Mlezi_wa_Mama: Tatizo vidonge ninavyo mimi. Niliondoka navyo, nilijua mdogo wangu angempa tu. Kesho napanda basi niwapelekee.

Mzee_wa_Kihesa: Iringa maduka ya dawa yapo mkuu. Tuma hela kwa simu, ubaki hukohuko na mafua yako ya Dar.