Naombeni ushauri: mafundi wanataka niwaandikie cha juu kwenye risiti na mimi nimeokoka

Dada wa Kaunta
Wapendwa Bwana Yesu asifiwe. Hili jambo nimeliombea ila nahitaji na mtu wa kunambia kesho nikifungua duka nifanyeje. Mi nauza duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, napokea hela na kuandika risiti. Sasa mafundi wengi wanatumwa na wenye nyumba, fundi ananunua simenti mifuko 100 kwa 16,500 afu anataka iandikwe 18,500, hapo laki mbili inakuwa yake na tajiri wake hajui kitu. Mi nakataa, naandika iliyolipwa. Wachache wananielewa, wengi wanahamia duka la jirani, na bosi kaniambia kwa upole tu kwamba biashara ndo ilivyo, kama roho inanisuta nimpe mwenzangu kitabu cha risiti aandike yeye. Hapo ndo nimekwama. Nikimpa kitabu nimebaki mwaminifu au nimenawa mikono kama Pilato? Na kazi naihitaji, nasomesha mdogo wangu.

Mpambanaji_TMK
Pole dada. Cha juu kipo kila saiti, hata tajiri mwenyewe anajua fundi wake anakula kidogo. Duka la bosi, maamuzi ya bosi, wewe mpe mwenzako kitabu uendelee kuomba Mungu akufungulie mlango mwingine. Usipoteze riziki kwa jambo ambalo hutalibadilisha.

Mjenzi wa Mbali
Kaka Mpambanaji hapo kwenye tajiri anajua nakukatalia kabisa. Mi niko Muscat, kazi za ndani, najenga Kigamboni kwa kutuma hela na saiti sijaiona, napigiwa simu simenti imeisha natuma, nondo zimepungua natuma, afu naletewa picha ya risiti na hiyo ndo naiamini maana sina kingine cha kuamini. Laki mbili kwangu ni siku nyingi za kuamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala wenye nyumba wakishalala. Fundi angeniomba ya chai ningempa, sijawahi kumnyima. Dada, huyo unayemlinda humjui na yeye hakujui, ila yupo, na Mungu akubariki sana.

Katekista Mstaafu
Binti yangu, soma 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi anakarabati nyumba ya Bwana, hela inatolewa kwa maseremala, wajenzi na waashi, na imeandikwa waliosimamia hiyo hela hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Ni hela za ujenzi kabisa, kama hizo zako! Na sura ya 5 kuna Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, Elisha kakataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma, yeye anamkimbilia nyuma anadanganya ametumwa na bwana wake, kaomba talanta moja akapewa mbili, akaishia kupata ukoma. Hicho nacho kilikuwa cha juu, kilichukuliwa kwa jina la mtu asiyekuwepo.

Kuhusu kitabu, usimpe. Jambo unaloliona dhambi unamsogezea mwenzako alifanye yeye, na huyo naye ni jirani yako. Lakini pia sikwambii uache kazi. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana wafanye nini, Luka 3, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Kaa hapo hapo kaunta. Na sema mapema, fundi akiuliza tu bei umwambie na risiti itakuwa hiyo hiyo, maana ukingoja mpaka mzigo upo kwenye Kirikuu na foleni inakutazama, hapo ndo utalegea.

Hesabu Kwanza
Naongeza upande wa mahesabu. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, ikisoma 18,500 na mmepokea 16,500, kama duka lina VAT hiyo kodi inahesabiwa mpaka kwenye hela ambayo hamkuipata. Ndo maana za cha juu zinaandikwa kwa mkono, na kuuza bila kutoa ya EFD ni kosa kisheria, na bosi anaweza kupigwa faini. Mweleze hivyo kwa heshima mkiwa wawili, sio mbele ya wateja. Afu mpe na njia, bei zibandikwe ukutani, mwenye nyumba alipe mwenyewe kwa lipa namba ya duka, fundi aje kuchukua mzigo tu.

Fundi Tofali
Mi fundi. Wengi wetu tunakula cha juu kwa sababu ufundi unabanwa bei mpaka hailipi, afu tunajilipa kwenye simenti. Sio sawa, nasema tu inapotokea. Mi nataja bei yangu ya ufundi kamili tangu mwanzo, wengine wananiacha, wanaobaki wananipa na kazi za ndugu zao. Dada ukikutana na fundi wa hivyo mpe punguzo la jumla ila liandikwe kwenye risiti, tajiri alione.

Dada wa Kaunta
Asanteni sana jamani, nimesoma zote. Kitabu sitampa mwenzangu. Bosi nitaongea nae Jumatatu asubuhi kabla wateja hawajajaa, nitaanza na hilo la EFD na lipa namba afu nimwambie wazi na imani yangu. Akikataa sijui itakuwaje, naogopa kweli, niombeeni.

Mjenzi wa Mbali
Tunaomba. Mi bado fensi na geti, akikubali nitumie lipa namba ya duka pm.