Jioni ya masimulizi na muziki: nimpeleke kijana wangu?

Mama Shukuru, Mbagala
Habari zenu. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, mtundu wa umeme. Redio ikiharibika mtaani inaletwa kwetu. Kaona tangazo la shughuli moja ya jioni hapa Dar: watu wanapanda jukwaani kusimulia kazi zao, katikati kuna bendi na ngoma. Kiingilio cha sisi wawili ni hela ya mboga ya wiki nzima. Kutoa nitatoa, ila naogopa tusije tukawakuta wale wa "amka alfajiri utatajirika", kelele tupu, ukitoka hukumbuki hata neno. Mliowahi kwenda, kuna faida?

Fundi Mitambo
Shikamoo mama. Mimi ndiye nafunga spika na maiki kwenye shughuli za aina hii. Kabla hujalipa, omba majina ya wazungumzaji na uulize kila mmoja anafanya kazi gani. Aliyeandikwa "mhamasishaji" basi, hana kazi nyingine, simlipii. Akiwa mkunga, mfuga nyuki, fundi au mwalimu wa hesabu, nenda.

Huyo kijana wako kanikumbusha William Kamkwamba wa Malawi. Njaa ya 2001 na 2002 ilimtoa shule kwa kukosa ada. Akajisomea vitabu vya maktaba, akaunda kinu cha upepo kwa feni ya trekta na vipande vya baiskeli, nyumba yao ikapata taa. Mwaka 2007, akiwa na miaka 19, alipandishwa jukwaani Arusha, kwenye mkutano wa TEDGlobal, ambako watu hupanda jukwaani kusimulia kazi na mawazo yao kwa muda mfupi. Kiingereza kilimpa shida, akasema machache sana, na bado ukumbi ukamshangilia. Akapata watu wa kumrudisha shule. 2014 alihitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani. Dakika chache tu zile, kwa sababu kitu alikuwa amekifanya kweli.

Waandaaji wanaofuata mtindo huo hawampi mtu zaidi ya dakika 18. Mara nyingi chini ya jukwaa kunakuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Ninyi hamuioni, mzungumzaji anaiona.

Muziki nao usidhani ni wa kujaza nafasi. Kuna usiku mama mmoja alisimulia alivyomuuguza mumewe, akamaliza, ukumbi kimya. Akaingia mzee wa Kigogo na zeze lake. Nilishusha sauti ya kila kitu, nikamwachia maiki moja karibu na kibuyu cha zeze. Sauti yake ni ndogo, inakwaruza kidogo, kwa hiyo hata wa viti vya nyuma waliinama mbele walisikie. Pembeni yangu mlinzi wa mlangoni alikuwa anafuta machozi. Ningekuwa na uwezo, kila shughuli ingekuwa na mtu kama yule.

Dada wa Kigamboni
Mama Shukuru, usimwache kijana akae kwenye kiti wakati wa mapumziko. Wazungumzaji huwa wanatoka kunywa chai na watu. Mdogo wangu alimfuata mhandisi wa maji pale kwenye birika, wakawa wanachorachora kwenye daftari mpaka tukaitwa ndani. Kwa hiyo abebe daftari. Na kama kuna taarabu, weka noti ndogondogo za kutunza, wimbo ukikugusa unyanyuke.

Mama Shukuru, Mbagala
Marahaba mwanangu Fundi, na asante dada. Nimewapigia waandaaji, wamenitumia majina: yumo dada anayetengeneza miguu bandia, na fundi wa umeme wa jua. Nimeshalipa. Kijana kaulizia kama anaruhusiwa kuingia na redio aliyoiunda mwenyewe. Wanasema shughuli inaisha saa tatu usiku. Kurudi Mbagala itakuwaje?

Fundi Mitambo
Redio aje nayo, aionyeshe tu mlangoni wakati wa ukaguzi. Saa tatu daladala za Mbagala bado zipo, ila shughuli hizi huchelewa, hasa bendi ikishapamba moto. Weka nauli ya bajaji pembeni, usije ukalazimika kumtoa kijana kabla fundi wa umeme wa jua hajapanda.