Ukuta wa besimenti unatoa maji kila mvua ikinyesha, nimepewa bei 3 tofauti, nimlipe nani?

Mkazi_wa_Buziga

Habari za jioni wandugu, naomba ushauri kabla sijatupa hela. Nyumba yangu iko Buziga hapa Kampala, kwenye mteremko, upande unaoangalia ziwa, niliinunua mwaka juzi ikiwa imeshajengwa. Ukiwa barabarani unaona nyumba ya chini ya kawaida tu, kumbe chini yake kuna vyumba viwili vimechimbwa ndani ya mlima, mbele vina mlango na madirisha, nyuma ukuta mzima umeegemewa na udongo. Aliyeniuzia aliniambia hapo ni stoo. Mimi nikajiona mjanja, nikasema mama atakaa hapo maana magoti yake hayataki ngazi, nikapaka rangi nyeupe, nikaweka tailizi, mama akahamia Januari.

Basi Machi mvua zikaanza. Kwanza rangi ikavimba kama andazi kule chini kwenye kona, ukibonyeza na kidole inapasuka na ndani kuna unga mweupe, ukionja ni chumvi (ndio nimeonja, chekeni tu). Wiki ya pili viatu vya mama vya kanisani vikaota ukungu wa kijani. Na juzi baada ya ile mvua ya usiku maji yakatoka pale ukuta unapokutana na sakafu, si mengi, kama glasi tatu hivi, lakini mama angeshuka kitandani gizani tungekuwa tunaongea mengine. Sasa analala sebuleni.

Nimeita watu watatu. Wa kwanza fundi wa mtaani, akwangue plasta apake dawa ya kuzuia maji kwa ndani kisha rangi, milioni 2.5. Wa pili kampuni ya wotaprufu (kuzuia maji), wamekuja na mashati yenye nembo na kimashine cha kupima unyevu kinacholia piii kila mahali, wanataka milioni 11 wapige sindano za dawa ukutani na kupaka dawa ya simenti, waranti miaka 10. Wa tatu anasema hao wawili ni wezi, lazima kuchimba nyuma ya ukuta mpaka chini kabisa aweke membreni (shiti isiyopitisha maji) na mtaro, milioni 27. Hela niliyonayo sehemu kubwa ni karo ya muhula ujao. Nani anasema kweli?

afande_kobe

Uza nyumba nunua mtumbwi 😂😂

MamaZubeda256

Pole sana ssebo. Afande acha utani watu wana shida.

Mimi yalinikuta Muyenga. Kampuni moja ilinipakia ndani vizuri kabisa, ukuta ukawa mkavu mpaka nikawapigia simu kuwashukuru, mvua zilizofuata maji yakatokea chumba cha pili ambacho hakijawahi kulowa tangu tuhamie! Nikawaita, wakaja, wakasema waranti ni ya ule ukuta waliopaka, huu mwingine ni kazi mpya na bei mpya. Na kweli karatasi ilikuwa imeandikwa hivyo, mimi ndo sikusoma. Kwa hiyo hiyo miaka 10 yako muulize ni ya dawa au ni ya chumba kukaa kavu, banange hivyo ni vitu viwili.

FundiSaruji

Wakuu msiponde dawa ya ndani bila kujua. Mimi hiyo dawa ya simenti nimepaka kwenye matanki ya maji zaidi ya ishirini, hakuna hata moja linalovuja mpaka leo. Shida ni vijana wanapaka juu ya rangi ya zamani, hawakwangui, hawalowanishi ukuta kwanza, wanapaka mkono mmoja badala ya miwili.

Injinia_Mstaafu

Fundi, kwenye tanki uko sahihi lakini angalia maji yako upande gani. Tankini maji yako ndani, yanaibana dawa yako kwenye ukuta. Besimenti maji yako mgongoni mwa ukuta, yanaisukuma dawa ibanduke. Na msukumo wenyewe si mchezo, udongo ukijaa maji kwa kina cha mita 2, pale chini kabisa kila mita ya mraba inasukumwa na karibu tani 2. Rangi gani itashindana na hiyo? Dawa ya simenti inaweza kuhimili ikiwa imeshika ukuta mgumu uliokwanguliwa mpaka mwisho, lakini ukiipaka juu ya plasta iliyolegea inaondoka na plasta yake.

Mkazi wa Buziga, kabla ya kumlipa yeyote nijibu haya. Huo ukuta wa nyuma ni zege au tofali? Umepinda? Funga uzi kona hadi kona katikati ya urefu wa ukuta uone kama umetoa tumbo, na tafuta ufa unaolala kama upeo wa macho. Ukiona tumbo au ufa wa namna hiyo achana na habari za maji kabisa, mwite mhandisi wa majengo aje aangalie kama ukuta unaweza kubeba ule udongo, maana siku ukishindwa hautatoa taarifa. Na maji ya paa lako yanaangukia wapi?

Mnyalukolo_Kla

Na septiki (tanki la maji ya choo) ya jirani wa juu iko wapi? Hakuna anayeuliza hilo, kisa aibu. Mbeba mzigo mlimani siku zote ni wa chini.

Mkazi_wa_Buziga

Injinia asante. Nimebandua kipande cha plasta kwa nyundo, ni tofali za kuchoma, zile nyekundu za kawaida, zimelowa mpaka ukizikwaruza na kisu zinatoka kama keki. Nimefunga uzi, ukuta umenyooka, ufa mkubwa hakuna. Maji ya paa sijui kusema kweli, kesho nitazunguka nyuma, kuna majani mengi na namwogopa nyoka.

Injinia_Mstaafu

Sasa rudi kwa wale wa milioni 11 uwaulize kitu kimoja tu: mliniuliza ukuta ni wa nini? Kama dawa yao ni ile inayoota fuwele ndani ya ukuta, ile inafanya kazi kwenye zege kwa sababu inakula mabaki ya saruji iliyomo humo na kutengeneza fuwele zinazoziba vitundu. Tofali la udongo halina saruji, itakula nini? Itaishia kwenye mota, ile saruji ya katikati ya tofali, tu. Sisemi ni wezi, nasema kile kimashine kinakwambia ukuta umelowa, jambo ambalo mama alishakwambia bure.

Fanya vilevile kipimo cha maskini. Chukua kipande cha nailoni kama futi 2 kwa 2, kausha ukuta na kitambaa, bandika kingo zote nne na selotepu isiachie hewa, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani ni hewa ya unyevu inagandia kwenye ukuta baridi, dawa yake ni kufungua madirisha. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanapita ukutani.

BintiBombo

Halafu na mita ya maji jamani. Baba yangu alibomoa sakafu nzima kumbe bomba lilikuwa linavuja chini ya bafu. Funga mabomba yote usiku, soma mita, soma tena asubuhi kabla mtu hajafungua maji. Ikitembea una bomba linalovuja, wala si mlima.

afande_kobe

Sasa hapo tunaongea. Ila mtumbwi bado ni wazo zuri

Mkazi_wa_Buziga

Nimerudi, wiki moja na nusu imepita, kaeni kitako.

Mita haikutembea, kwa hiyo bomba hapana. Nailoni niliweka mbili. Ya kona ya kushoto na ya kona ya kulia zote zililowa nyuma, upande wa ukuta, matone yamejipanga kama jasho la puani.

Septiki: jirani wa juu ni mzee muungwana, nikamwomba amimine rangi nyekundu ya keki chooni kwake tuone kama itatokea kwangu. Mkewe alidhani nimetumwa na mganga, ikabidi aje mwenyekiti wa mtaa (LC1) kueleza 😂. Siku nne hakuna wekundu, na maji yangu hayanuki. Mnyalukolo nakushukuru hata hivyo, sasa tunasalimiana kila asubuhi.

Sasa nyuma ya nyumba. Nimefyeka yale majani, na kitu nilichokiona nimeona aibu. Gata ya upande wote wa mlimani inashuka na bomba moja, bomba lenyewe limekatika kiuno, maji yote yanaangukia mguuni mwa ukuta kona ya kushoto, pamechimbika shimo la kuingia beseni. Yaani miaka miwili naumwagilia ukuta wangu kama mchicha.

Injinia_Mstaafu

Piga hesabu. Paa lako nusu ya mlimani ni kama mita ngapi za mraba? Tuseme 75. Mvua ya milimita 40, ambayo Kampala ni mvua ya mchana mmoja tu, ni lita 3,000 zinamwagwa sehemu moja. Rekebisha hilo kwanza, subiri mvua mbili kubwa, halafu tuongee. Na tengeneza ardhi ya nyuma iteremke kutoka ukutani, isielekee ukutani.

FundiSaruji

Hapo injinia nakubali. Hakuna dawa inayoshinda bomba lililokatika.

Mkazi_wa_Buziga

Ripoti ya pili. Nimeweka bomba jipya la inchi 4 linapeleka maji mpaka mtaro wa barabarani, nimejaza maramu nyuma na kuishindilia kwa mteremko, jumla 420,000 na chai ya vijana. Jumamosi imepiga mvua ya kutosha. Kona ya kushoto kavu kabisa, sikuamini nikagusa na shavu. Kona ya kulia hakuna kitu siku ya mvua, ila Jumatatu maji yakaanza kutoka pale chini taratibu, wakati nje jua kali.

Injinia_Mstaafu

Hiyo ya Jumatatu ndiyo maji ya mlima. Mvua inazama juu huko kwa majirani, inatembea ndani ya udongo polepole, inakutana na ukuta wako uliokata njia yake. Ndiyo maana chini ya vilima vyetu kuna chemchemi. Huwezi kuyakataza, unayaonyesha njia.

Kiwango cha Uingereza, BS 8102, kinataja njia tatu, A ya kuvika ukuta koti, B ya kujenga zege lenyewe lisilopitisha, C ya kukubali maji yaingie kidogo uyakusanye na kuyatoa. Kwa ukuta wa tofali uliokwishajengwa, wewe ni C, pamoja na mtaro wa kukinga huko juu. Juu chimba mtaro mita 2 au 3 kutoka ukutani, kitambaa cha kuchuja, kokoto, bomba la inchi 4 lenye matundu likilala na mteremko, funika kitambaa juu ya kokoto udongo usizibe. Ndani kata mfereji mguuni mwa ukuta, vika ukuta shiti ya plastiki yenye vinundu ili maji yashuke nyuma yake mpaka kwenye mfereji, toa bomba mlango wa mbele. Wenzako wa tambarare wanahitaji pampu, na umeme ukikatika katikati ya mvua pampu inalala. Wewe mlima wenyewe ndio pampu.

Sasa onyo. Usichimbe mtaro ukutani kabisa wala usishuke chini ya kitako cha msingi, na usiuchimbe wote kwa siku moja, fanya vipande vya mita 2 au 3 ukijaza unaenda. Mtaro unaomfika mtu kifuani bila mbao za kuzuia kingo ni kaburi, nimeshahudhuria mazishi ya kijana wa miaka 22 kwa sababu hiyo. Subiri Juni mvua zikatike.

MamaZubeda256

Na kila hatua piga picha kabla hawajafukia, lipa kwa vipande, bakiza kitu mpaka mvua za Septemba zipite. Akikataa hilo ujue na yeye haiamini kazi yake.

Mkazi_wa_Buziga

Nimekubaliana na yule wa 27 kwa milioni 9.5, mtaro wa juu na mfereji wa ndani, bila ile membreni ya nje, milioni 1.5 inabaki kwangu mpaka Novemba. Alinuna kidogo kisha akasaini. Anaanza wiki ya pili ya Juni. Mzee jirani amekubali mtaro upite karibu na uzio wake kwa sharti nimwachie udongo wa juu kwa ndizi zake.

BintiBombo

Na mama?

Mkazi_wa_Buziga

Bado yuko sebuleni, ameshika rimoti, anasema hata mkimaliza hashuki mpaka tamthilia yake iishe.