Tairi moja ya mwaka mzima, njia za mchanganyiko na matope: nichukue ipi?

Gia_Ndogo

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie maana nimesoma mpaka macho yanauma na bado sijaelewa. Nina baiskeli ya mlima ya inchi 29, shokapu iko mbele tu. Tairi nilizokuja nazo ni za upana wa inchi 2.25, zile za meno mafupi yaliyobanana, na sasa hivi ya nyuma imebaki kipara katikati. Njia yangu ya kila wiki iko hivi, nusu saa ya lami mpaka msituni, halafu udongo mgumu, changarawe kidogo, mizizi ya kutosha, na kule bondeni kuna sehemu haikauki hata iweje, mvua ikinyesha ndo usiseme.

Kukiwa kukavu sina ugomvi na tairi zangu, zinakimbia vizuri tu. Mvua ikianza ni kama nimepakwa sabuni. Juzi ya mbele imenikimbia kwenye kona ya kushoto, sijui hata ilikuwaje, nimeshtukia niko chini kiwiko kimechubuka na goti limevimba. Sasa nataka ninunue tairi za kukaa nazo mwaka mzima, habari ya kubadilisha kila msimu sina muda nayo. Huyu anasema nyembamba ndo mpango, yule anasema 2.6, mwingine chukua za matope tupu. Uzito wangu na begi ni kilo 82, natumia tyubu, upepo najaza 40 psi (kipimo cha presha ya upepo) mbele na nyuma. Nichukue nini jamani?

mtelezo

Funga za miiba mirefu mbele na nyuma maliza kazi. Mimi ninazo tangu mwaka juzi sijaanguka hata siku moja. Matope hayataki siasa.

Spoki_Moja

Mkuu mtelezo usimpoteze mwenzio, kasema ana nusu saa ya lami, kwenda na kurudi hiyo ni saa nzima. Mimi niliwahi kufunga tairi za matope tupu nikajiona nimemaliza, bondeni nilikuwa mfalme kweli, ila kwenye lami zilikuwa zinavuma kama nyuki na miguu inachoka kabla hata sijafika msituni. Hilo tisa, kumi ni siku nilipofika kwenye jiwe lililolowa. Yale meno marefu kwenye kitu kigumu hayana pa kuingia, yanapinda, unasikia tairi inacheza chini yako halafu inaachia ghafla bila hodi. Mwiba kazi yake ni kuzama kwenye udongo laini, sasa jiwe utalizamisha wapi?

Gia_Ndogo, kabla ya tairi naomba nikuulize hiyo 40 psi nani kakushauri? Kwa kilo 82 na tyubu mimi ningeshuka mpaka 28 mbele na 31 nyuma, pole pole, psi 2 kwa wakati, mpaka usikie rimu inakaribia kugonga ndo unarudi juu kidogo. Tairi ikijaa sana inadunda juu ya mzizi badala ya kuukumbatia, na sehemu inayogusa ardhi inakuwa kiduchu. Mbele iwe chini kuliko nyuma maana uzito mwingi umeukalia nyuma. Na usipime kwa kubonyeza na kidole, kidole kinadanganya, 25 na 35 unaweza usizitofautishe. Kuna vipimo vidogo vya upepo vya kidijitali, tafuta kimoja, geji za pampu nyingi huko chini kwenye psi ndogo zinabahatisha tu.

Tukija kwenye tairi yenyewe, watu wanaangalia meno tu wanasahau mpira. Mpira una ugumu wake, unapimwa kwa Shore A, namba ikiwa ndogo mpira ni laini. Wa 60 ni mgumu, unakimbia na unadumu, wa 50 uko katikati, wa 42 unanata kama gundi ila unaisha haraka na unavuta miguu. Mzizi umelowa hauna cha kung'atwa, pale kinachokuokoa ni mpira laini na upepo mdogo, basi. Kwa hiyo mbele weka mpira laini, nyuma weka mgumu kiasi, kwa sababu nyuma ndo inayoisha kwa lami na ndo inayokula nguvu zako. Na mbele ikiteleza unaanguka, nyuma ikiteleza mara nyingi unacheka tu unaendelea. Bajeti ikibana, hela yote peleka mbele.

Majina sasa. Mbele Maxxis Minion DHF au Schwalbe Magic Mary, Magic Mary ndo ina nafasi kubwa zaidi kati ya meno kwa hiyo inatema matope vizuri. Kuna Maxxis Shorty nayo, imetengenezwa kukaa katikati, sio ya kavu na sio ya matope tupu kama Wetscream, ila kwa lami yako naiona imezidi kidogo. Nyuma tafuta kitu chenye meno mafupi katikati na marefu pembeni. Assegai ya Maxxis watu wanaisifia, ile aliyoshiriki kuitengeneza Greg Minnaar wa Afrika Kusini, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mbio za kushuka milima, na kwenye mawe na mizizi ni kweli inashika balaa, lakini meno yake ni mengi, tope zito linakaa humo humo, na kuikanyaga kwenye lami ni adhabu.

Kona_Kali

Mi nataka kuuliza hilo tope la bondeni likoje? Maana nyie mnasema matope matope kama vile ni kitu kimoja. Kuna tope la maji maji limekaa juu ya ardhi ngumu, hilo tairi nyembamba ya 2.1 inalikata inafika chini inashika, ndo maana zamani tairi za matope zilikuwa nyembamba hata 1.8. Kuna udongo mweusi laini wa msituni, huo tairi yoyote yenye meno marefu inafurahi. Halafu kuna mfinyanzi. Mfinyanzi ukinata hakuna tairi dunia hii, kwanza unajaza meno, halafu unajenga juu yake, mara gurudumu halizunguki kabisa, unabeba baiskeli begani ikiwa na uzito mara mbili. Hapo nenda kwa miguu au zunguka njia nyingine, na hata njia yenyewe inaharibika mkiipitia ikiwa vile, mnaacha mitaro ambayo ikikauka inakuwa mawe.

Na matope yanatoka kwenye tairi ukiwa na mwendo, gurudumu likizunguka kwa kasi linayarusha. Ukipanda kilima taratibu hayarukii popote, yanakaa. Kwa hiyo ukiona yanajaa, ukifika mahali pa wazi kanyaga kwa nguvu kidogo yatoke kabla ya kona.

Mimi ni mwepesi, kilo 57, psi za Spoki_Moja kwangu ni jiwe, naendesha 19 mbele na 21 nyuma bila tyubu. Nasema hivyo ili mwingine mwepesi asije akanakili namba za mtu wa kilo 82 halafu aseme tairi mbaya.

fundi_pancha

Dada Kona_Kali kamaliza. Mimi naongeza ya ufundi kidogo. Kabla hujanunua 2.4 au 2.6 pima nafasi kwenye fremu, pale nyuma karibu na pedali ndo panabana, na mbele chini ya daraja la foku, pale miguu miwili ya foku inapoungana juu ya tairi. Acha angalau milimita 6 kila upande. Tairi kuingia tu haitoshi, tope nalo lina unene wake, likikosa pa kupita linakwaruza rangi ya fremu kama msasa, nimeziona fremu zimelika mpaka chuma kinang'aa. Halafu hiyo namba iliyoandikwa ubavuni isikudanganye, rimu pana inaitanua tairi na nyembamba inaibana, 2.35 ya kampuni moja inaweza kuizidi 2.4 ya nyingine. Kwa njia zako mimi naona 2.35 mpaka 2.4 mbele na 2.25 mpaka 2.35 nyuma.

Ya pili toa tyubu kama rimu zako zinaruhusu. Bila tyubu ile pancha ya kung'atwa na rimu, matundu mawili kama meno ya nyoka, inakwisha, kwa hiyo unaweza kushuka psi 4 au 5 chini ya hizo ulizoambiwa. Utahitaji utepe wa rimu, vavu zake, na ile dawa ya maji ya kuziba, kwa 29 weka kama mililita 100. Inakauka ile, kila miezi mitatu hivi fungua uangalie, watu wanaisahau mwaka mzima halafu wanalaumu tairi. Na angalia mshale wa kuzungukia ubavuni, kila wiki naletewa iliyofungwa kinyume.

mtelezo

Nani kasema siasa tena 😂 haya nikubali kidogo, zangu nilikata miiba ya katikati kwa koleo, imebaki kama nusu hivi, kama wanavyofanya wale jamaa wa mbio za kushuka. Na mimi lami sina, nikitoka tu mlangoni ni tope.

Spoki_Moja

Sasa si ungesema toka mwanzo mkuu!! Hizo ulizonazo sio za matope tupu tena, umejitengenezea za katikati.

Gia_Ndogo

Wakuu asanteni sana, nimerudi na majibu. Sijanunua kitu bado, nimeanza na upepo kwanza kwa sababu ni bure. Nimeazima kipimo kwa rafiki, kumbe pampu yangu ikisema 40 ukweli ni 44, yaani nilikuwa naendesha mpira wa kikapu. Nimeshuka mpaka 28 na 31 kama nilivyoambiwa, jana nikaenda njia ile ile na kulikuwa kumenyesha usiku. Mizizi imebadilika kabisa, napita bila kushika roho. Ile kona iliyoniangusha nimeipita salama ila niliipita kwa woga kwa hiyo sijui niihesabu vipi. Bondeni bado ni tabu, meno yamejaa ndani ya mita kumi ikawa kama tairi haina kitu. Kona_Kali, ni la juu ya ardhi ngumu, nimechoma kijiti kikaingia kama sentimita 4 kikagonga chini.

Nafasi nyuma nikiwa na hii 2.25 ni milimita 7 upande mmoja na 9 upande mwingine, sijui kwa nini hazilingani. Kwa hiyo nyuma nabaki 2.25, mbele nafikiria Magic Mary 2.35 ya mpira laini. Je, ni lazima za nyuma na mbele zifanane au kampuni iwe moja?

fundi_pancha

Hapana, changanya tu, baiskeli haijui jina. Hiyo 7 na 9 inaelekea gurudumu halijakaa katikati, legeza ekseli ulikalishe upya ukiwa umesimamisha baiskeli chini, isipokaa sawa basi rimu imevutwa upande na spoki, mpelekee fundi aikaze. Hilo fanya kabla ya tairi mpya.

Kona_Kali

Sentimita 4 na chini kugumu ni tope zuri hilo, meno ya mbele yatafika. Ukiingia usikamate breki ya mbele, macho yaangalie unakotokea sio kwenye gurudumu, na gia iwe nyepesi kabla hujaingia, ukibadilisha katikati ya tope mnyororo unalia. Ukishafunga rudi utuambie ile kona imekuwaje, safari hii bila woga.

Gia_Ndogo

Goti likipona dada. Limevimba tena leo.