Bima ya nyumba Marekani: wakala anakuuzia nyongeza usizozihitaji na kunyamazia ile inayokuhusu

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa kuwa najua wengi wenu mlioko Ohio na majimbo jirani mna nyumba zenye besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, na ada ya bima inakatwa kila mwezi pamoja na mkopo wa nyumba bila ya wakala kuwahi kukaa nanyi na kuupitia mkataba.

Mvua kubwa ilinyesha hapa Columbus, mabomba ya majitaka ya mtaani yakazidiwa, na maji machafu yakapanda kupitia tundu la sakafuni katika besimenti yetu hadi yakafunika kidato cha chini cha ngazi. Zulia, friza iliyojaa nyama, mashine ya kufulia na tangi la kuchemshia maji vyote viliharibika. Harufu naomba nisiielezee. Mkadiria hasara wa kampuni alifika, akapiga picha, akaondoka, na baadaye ikaja barua fupi isemayo kwamba maji yanayorudi kupitia bomba la majitaka hayamo katika mkataba wa kawaida, na kwamba kinga yake ni nyongeza, yaani kinga ya ziada inayolipiwa kando, ambayo mteja hakuichagua.

Hakuichagua! Mtu huchagua au hukataa kile alichoonyeshwa. Wakala aliyeniuzia bima alipata muda wa kutosha kuniuzia kinga ya wizi wa utambulisho na kinga ya kuharibika kwa mitambo ya nyumbani, na zote mbili nimezilipia tangu tuhamie hapa. Nilipouliza kama hiyo kinga ya mitambo ingefidia angalau lile tangi, niliambiwa kwamba inahusu mtambo unaoharibika wenyewe kwa ndani, si uliozamishwa na majitaka. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba katika fomu ya maombi, mahali panapouliza kuhusu besimenti, yeye mwenyewe ndiye aliyejaza kuwa ipo na kwamba imewekwa kuta na zulia. Alijua, akanyamaza.

Kwa wasiofahamu, mkataba ambao wenye nyumba wengi Marekani wanao huitwa HO-3. Jengo lenyewe hukingwa dhidi ya majanga yote isipokuwa yale yaliyotajwa kuwa hayamo, na miongoni mwa hayo yasiyomo ni mafuriko, tetemeko la ardhi na maji yanayorudi kutoka kwenye mabomba ya majitaka. Mafuriko yana mpango wake wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, ambao hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo la makazi na dola 100,000 kwa vyombo, na kwa kawaida kinga yake huanza siku 30 baada ya kununuliwa. Lakini hata mwenye bima hiyo ya serikali hatalipwa kwa majitaka yaliyopanda kupitia tundu la sakafu, isipokuwa iwe mafuriko ya huko nje ndiyo yaliyoyasukuma, kwa hiyo unaweza kulipia bima zote mbili na bado ukajikuta unasafisha uchafu kwa fedha zako.

Mambo hayaishii kwenye maji. Bila nyongeza ya kulipwa bei ya kitu kipya, vyombo hufidiwa baada ya kukatwa uchakavu, na kochi la miaka kumi huwa halina thamani ya maana. Dhahabu za akina mama zikiibwa, mkataba wa kawaida uliozoeleka huweka ukomo wa dola 1,500 kwa vito vyote kwa pamoja, mpaka uviorodheshe kimoja kimoja na kuvilipia zaidi.

Wapo watakaosema, "Ungesoma mkataba." Mkataba kamili uliletwa kwa posta baada ya sahihi na malipo, na ule ukurasa wake wa mbele unaorodhesha ulichonunua tu. Katika ukurasa huo hakuna mahali popote panapoandikwa ulichoachiwa nje. Kama kampuni inaweza kusema kwamba sikuchagua, ioneshe karatasi niliyowekewa mbele nichague.

Wala si jambo lisilowezekana. California sheria inailazimisha kampuni inayouza bima ya nyumba impe mteja pia nafasi ya kununua kinga ya tetemeko; mteja ana hiari ya kukataa, lakini kampuni haina hiari ya kunyamaza. Hapa hapa Ohio, katika kaunti kadhaa zilizochimbwa makaa ya mawe, kinga ya ardhi kutitia juu ya migodi huingizwa kwenye bima ya nyumba kwa lazima. Besimenti iliyo chini ya bomba la mtaa inakosa nini isipewe angalau swali moja kwenye fomu?

Nimepeleka malalamiko kwa Idara ya Bima ya Ohio, na nimeitaka kampuni ilete ushahidi wa maandishi kwamba niliwahi kupewa nafasi ya kuichagua nyongeza hiyo. Hawajaleta. Badala yake wakala amenitumia ujumbe akiniuzia nyongeza hiyo hiyo, yenye ukomo wa dola 5,000, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimemjibu kwamba kwanza aniandikie, kwa jina na sahihi yake, orodha ya nyongeza nyingine zote ambazo hajanitajia.