Wametoa siri yangu, nikiuliza nani kaitoa naambiwa "hiyo ni siri"!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nilipeleka malalamiko dhidi ya mwajiri wangu kwenye ofisi moja ya serikali. Fomu yenyewe juu imeandikwa SIRI kwa herufi kubwa. Nikaeleza kila kitu, mpaka ugonjwa wangu, maana bila huo malalamiko yasingeeleweka. Siku ya nne bosi akaniita. Ana nakala mkononi, imechapishwa kutoka kwenye mfumo wao, tarehe na saa zipo chini ya ukurasa. Akanisomea maneno yangu mwenyewe mbele ya watu wawili, na ugonjwa hakuuruka.

Nikarudi kuuliza nani katoa faili langu. "Suala linashughulikiwa ndani, hatuwezi kukuambia, ni siri." Yaani siri yangu haina mwenyewe, ila jina la aliyeitoa linalindwa kama mboni ya jicho! Baadaye nikasikia amehamishiwa dawati jingine. Kuhamishwa tu! Huko aliko bado anashika mafaili ya watu.

Msiniambie sheria hakuna. Nchi nyingi zinazo, na watumishi wengi husaini kiapo cha kutunza siri kabla hata hawajapewa kiti. Na kosa si kutoa nyaraka nje peke yake. Kumtonya ndugu yako mambo ya zabuni, kununua hisa kabla tangazo halijatoka, huko nako ni kutumia siri ya ofisi kwa faida yako.

Kinachopuuzwa zaidi ni kuchungulia. Karani anafungua faili la jirani au la mtalaka wake, anasoma, anafunga, halafu anajitetea kwamba hakumwambia mtu. Marekani yaliwakuta hayo kwenye idara ya kodi. Mahakama ya rufaa ilifuta hatia ya mtumishi aliyekuwa akipekua mafaili ya watu, kwa kuwa haikuthibitika aliyatumia kwa lolote. Mwaka huohuo, 1997, ikapitishwa sheria: kusoma tu taarifa za mlipakodi bila sababu ya kikazi ni kosa la jinai, jela hadi mwaka mmoja, na ukitiwa hatiani kazi huna. Tena mtumishi akishtakiwa, mwenye faili lazima ajulishwe. Hilo la mwisho ndilo ninalolilia. Mimi nilijulishwa na bosi!

Uingereza nako angalieni. Sheria ya siri za serikali ya 1989 inafika kifungo cha miaka miwili. Mtu akitoa taarifa binafsi za mwananchi bila idhini, kwa sheria ya ulinzi wa taarifa ya 2018 adhabu ni faini tu. Wakitaka afungwe, inabidi wakatafute sheria nyingine, kama ile ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 1990. Kwa nini siri ya mwananchi iwe nyepesi hivyo?

Na simsemi mtumishi anayefichua wizi. Huyo alindwe kwa nguvu zote.

Mfumo uliochapisha ile nakala unajua nani alifungua faili langu na saa ngapi. Nimeandika barua mbili kuomba orodha hiyo. Kimya. Aliyewahi kuipata anisaidie: uliandika kwa nani, na ulitaja kifungu gani?