Mapaja yanauma tangu nianze dawa ya kolesteroli. Niache?

FundiWaKibuye
Habari za mchana wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu, hamsini nimeshaipita. Presha ninayo miaka mingi, nameza amlodipini 10 mg kila asubuhi. Mwaka huu kolesteroli ikaonekana iko juu, nikaandikiwa simvastatini 40 mg, kidonge kimoja usiku. Sasa mapaja yote mawili ni mazito na yanauma kama nimelima kutwa, na jembe sijalishika tangu Krismasi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ikifika saa nane namwachia kijana. Matatu ya Kondele napanda kwa kujivuta na mkono. Jirani wa kibanda anasema nitupe vidonge nitafune kitunguu saumu.

MamaWaAhero
Pole kaka, usitupe. Mimi yaliniuma hivyo hivyo, kupima damu kumbe tezi ya shingo imelegea. Nilipowekwa kwa dawa ya tezi misuli ikatulia, na statini, yaani dawa ya kolesteroli, bado nameza.

Mfamasia_Nakuru
Tezi apimwe, sawa Mama. Lakini Fundi, hebu soma tena ulichoandika: amlodipini, na simvastatini 40. Amlodipini huzuia ini kuivunja simvastatini upesi, kwa hiyo inarundikana kwenye damu na misuli ndiyo inayoumia. Anayetumia amlodipini hatakiwi kuvuka simvastatini 20 mg kwa siku. Karatasi za namna hii naziona sana hapa kaunta: presha imeandikwa kliniki hii, kolesteroli kliniki ile, hakuna aliyeona ya mwenzake.

Daktari anaweza kukushushia dozi, au akuhamishie rosuvastatini au pravastatini, ambazo hazina ugomvi huo na amlodipini. Omba pia kipimo cha CK, kinaonyesha kama misuli inaharibika. Na kama ulipewa antibiotiki za klarithromaisini au erithromaisini juzi, sema. Hizo hazifai kabisa kuchanganywa na simvastatini. Balungi nayo iache. Kitunguu saumu tia kwenye samaki.

Otis_wa_Milimani
Mimi daktari alinipangia rosuvastatini siku moja nameza, siku moja napumzika. Maumivu yalipungua, ila usijipangie mwenyewe.

FundiWaKibuye
Kumbe! Kweli ni kliniki mbili, karatasi mbili. Miadi yangu ni Alhamisi. Ya leo usiku nimeze?

Mfamasia_Nakuru
Usingoje usiku. Piga simu kliniki sasa hivi, uwatajie dawa zote mbili kwa jina na miligramu, wao wana faili yako. Amlodipini endelea nayo. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya kahawia, au miguu ikakosa nguvu ya kukuinua kitini, usimeze simvastatini tena na usingoje Alhamisi. Nenda hospitali leo leo, ubebe na hivyo vidonge.